Achari na Siki Majumbani Mwetu

Ndugu zangu wasomaji, msimu unapokuwa mwema hapa Himo, karoti, kabichi na pilipili hoho hushuka bei sokoni, na nyingi huozea matengani. Kwa kuwa israfu imekatazwa katika Suratul-Aaraf, nyumbani kwangu hutengenezwa achari.

Mboga huoshwa, hukatwa vipande vidogo na kulazwa katika chumvi usiku mmoja. Kisha huchujwa maji, huchemshwa pamoja na siki, sukari, tangawizi na bizari, na hutiwa zingali moto katika chupa safi za mdomo mpana. Chupa zikisha kufungwa, huchemshwa majini robo saa. Siki isizimuliwe kwa maji. Kwani mboga zisizo na ukali wa kutosha, zikifungwa pasipo hewa, huweza kuzaa sumu isiyoonekana wala kunuka, nayo huua.

Jirani yangu, mtu mwema asiye wa dini yetu, aliniletea mbege iliyochacha, akidhani yafaa kuwa siki. Nilimshukuru, nikamweleza kwamba katika madhehebu ya Imamu Shafii kileo kilichogeuka siki chenyewe, pasipo kutiwa kitu, ni tohara. Bali kilichochacha nusu kingali kinalevya, nacho ni haramu. Akacheka, akaenda kuniletea ndimu.

Mtume wetu (s.a.w.) aliisifu siki kuwa kitoweo chema. Basi na tule kilicho halali na salama, na chupa moja iwe fungu la jirani.

Wabillahi tawfiki.