Crown ya Kinondoni Inameremeta, Mfuko Wenu Je?

Ukitaka kujua watu wa Dar wanaota nini, usiende ufukweni. Nenda Kinondoni Jumamosi asubuhi, upite kwenye yadi za magari kabla jua halijachoma. Vijana wameshaosha kila kitu, tairi zimepakwa dawa mpaka zinang'aa kama kiatu cha mwanajeshi, na mbele kabisa, pale macho ya abiria wa daladala yanapotua, yamepangwa magari ya wakubwa. Mercedes-Benz zipo, BMW zipo, na yule mfalme wa mjini siku hizi yupo pia: Toyota Crown, ile yenye taji puani.

Nilikwenda huko na shosti wangu na mumewe, shemeji yangu. Wana miaka sita ya ndoa, watoto wawili, na kiwanja Bunju ambacho mpaka leo ni msingi tu. Miaka minne wameweka akiba pamoja. Shosti anataka kuta zipande. Shemeji anataka Crown. "Shem, ukishuka kwenye Crown watu wanakusikiliza," aliniambia, na jamani, siwezi kusema anadanganya. Hapa mjini hata mlinzi wa getini anasalimia kulingana na gari. Basi mimi nikaitwa kama refa, tukamchukua na fundi, mzee mmoja mpole asiyependa maneno mengi.

Tuliyoonyeshwa ilikuwa Athlete nyeupe ya kumetameta, toleo lililotoka Japani kati ya 2008 na 2012, injini V6 ya cc 2,500. "Dada yangu, hii chuma bado mbichi," dalali akaanza. "Ya 2011, namba E hii! Weka mafuta uondoke." Akawasha, na sauti ya mwanamke ikatoka kwenye dashibodi kwa Kijapani kitamu. Shosti akatabasamu, akadhani tunakaribishwa. Wapi! Anasema kadi ya kulipia barabara za kwao haijachomekwa. Redio nayo ni ya masafa ya Japani, inaishia 90, kwa hiyo stesheni zako nyingi hutazipata mpaka ufunge kifaa cha kubadilisha masafa.

Fundi hakuangalia viti vya ngozi. Aliweka kiganja juu ya boneti, akatutazama. La moto! Ni saa mbili asubuhi, gari halijatoka yadi, na tayari limeshachemka.

"Limeamshwa kabla yetu hili," akasema. "Tutarudi kesho, na lisiwashwe mpaka tufike."

Gari la moto linaficha mengi: moshi, milio ya injini, hata betri iliyochoka. Ukikuta boneti lina joto kabla hujaligusa wewe, jiulize kwa nini.

Yale yasiyohitaji kuwasha tukayamaliza siku ileile. Shika kalamu, msomaji. Herufi za namba zinakwambia gari limesajiliwa lini Tanzania, hazisemi limetengenezwa lini. Fundi alivuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, akasoma kile kitambaa kidogo kilichoshonwa chini kabisa: 2008. Mkanda hutengenezwa muda mfupi kabla ya gari lenyewe, sasa ile 2011 ya dalali ilitoka wapi? Akahamia kwenye tairi. Zile tarakimu nne ni wiki na mwaka: ukikuta 2319, tairi ni ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Akainua kapeti, akanusa. Mvua kubwa zikija, bonde la Msimbazi pale Jangwani hujaa maji, na gari lililozama linaweza kuoshwa likauzwa. Matope chini ya kapeti na kutu kwenye reli za viti ndivyo vinavyolisema. Hapo palikuwa safi. Mwisho akaomba karatasi ya mnada wa Japani, maana gari lililopewa alama ya R au RA ni lile lililowahi kutengenezwa mwili baada ya kuumia.

"Karatasi ilipotea, mzee wangu."

Fundi akaguna tu.

Kesho yake saa moja, boneti la baridi. Shemeji akawasha, sisi tumesimama nyuma ya eksozi kama tunasubiri matokeo ya mtihani. Likatoka wingu dogo la moshi wa buluu. Moshi mweupe wa asubuhi unaopotea haraka ni mvuke. Mweusi ni petroli inayozidi. Wa buluu ni oili inaungua. Fundi akatueleza kwamba injini hii, 4GR-FSE, hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na petroli na masizi hujijenga juu yake. Nyingine zikizeeka zinaanza kunywa oili, na mwenye gari anatembea na galoni kwenye buti.

Tukaliingiza barabarani. Foleni ya Mwenge, AC imefunguliwa yote, ilikuwa kipimo kizuri: mshale wa joto haukusogea. Kuelekea Tegeta gari likateleza kimya, kama pasi juu ya hariri. Nilimwangalia shemeji usoni nikayaelewa mapenzi yake. Kisha yakaja matuta. Go-go-go, upande wa mbele kulia. Shemeji akaanza kuongea kwa sauti kubwa ili tusisikie.

Kituo cha mwisho kilikuwa Gerezani, kwenye spea. Hilo lilikuwa wazo la fundi: kabla ya kujadili bei ya gari, tujue bei ya kuishi nalo. Tukauliza shokapu, bushi, plagi, taa ya mbele. Shosti akaandika kila kitu kwenye daftari la mtoto. Taa moja tu, tena iliyotumika, ilikaribia ada ya muhula mzima. Hapo ndipo nilipoelewa siri ya haya magari ya kifahari. Lilipokuwa jipya lilinunuliwa na Mjapani mwenye pesa zake. Bei ya gari imeshuka, bei ya spea haikushuka nalo. Unanunua kwa pesa ya mtumba, unatunza kwa pesa ya dukani.

Tukaketi kwa mama ntilie. Simu ya shemeji ikalia: dalali ameshuka milioni mbili. Shemeji macho yakawaka.

"Baba watoto," shosti akasema taratibu, "mimi sikatai gari. Nakataa gari litakalotufanya tununiane."

"Sasa ndugu zangu niliowaambia Desemba nakuja na Crown, wataniona vipi?"

"Kuliko wakuone gereji kila wiki?"

Kimya. Shemeji akasukuma sahani. Alikuwa ameumia, na sitamcheka, kwa sababu mwanaume kuota si dhambi. Baada ya muda mrefu akavuta lile daftari, akaanza kujumlisha mwenyewe. Walikubaliana hivi: hiyo hapana. Nyingine wataitafuta, lakini theluthi ya akiba haiguswi, ni ya spea za mwaka wa kwanza. Ikishindikana, watachukua gari dogo na kuta zipande.

Nawe ukiwa njiani kwenda yadi, nenda na fundi uliyemchagua mwenyewe, siyo wa dalali. Hakikisha jina lililo kwenye kadi ni la anayekuuzia, angalia faini za trafiki kwa namba ya usajili, andikishaneni mbele ya wakili, pesa ipite benki. Lakini kabla ya yote, kaeni wawili na kalamu mezani. Gari likiharibika, fundi yupo. Mkiharibikiana nyinyi, Gerezani hakuna spea.

Kazi kwenu.