Kanda ya Mjomba na Spectrum Yake

Wanachama wanaopita chumbani kwangu huniuliza kwa nini mtu mwenye kompyuta mpakato nzuri ameweka mezani kijisanduku cheusi chenye vitufe vya mpira, laini kama chingamu. Basi nijibu mara moja.

Ile ni ZX Spectrum, iliyotolewa na kampuni ya Sinclair ya Cambridge mwaka 1982. Yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48 iliuzwa pauni 175, na iliingia katika nyumba nyingi za Uingereza kwa sababu ilitumia televisheni iliyokuwepo sebuleni na redio kaseti ya kawaida. Picha moja ya simu yako haiwezi kuenea ndani yake. Hii yangu ilikuwa ya marehemu mjomba, aliyetoka Mombasa kuja kufanya kazi Leicester. Mkaza mjomba alinikabidhi mwaka jana pamoja na kanda kumi na moja. Kumi ni michezo ya dukani. Moja ni kanda ya taarab, na juu yake mjomba ameandika kwa kalamu: MASWALI YA BINTI.

Mashine yenyewe haikunisumbua sana. Utando ulio chini ya vitufe hukauka na kupasuka kwa uzee, lakini mpya zinapatikana. Kapasita nilibadilisha, na waya wa picha nikaulehemu upya ili televisheni ya leo ikubali. Kazi ilikuwa kanda.

Wapenzi wa kompyuta hizi wana ugomvi usioisha kuhusu emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye ile ya zamani. Wapo wasemao kutumia emuleta ni sawa na kula pilau ya pichani. Mimi niko upande wa emuleta. Kanda ya miaka arobaini huchoka kila ikipita kwenye kichwa cha redio, na Spectrum haina subira: sauti ikififia mahali pamoja tu, inakuletea ujumbe wake wa herufi R kwamba kanda haisomeki, unaanza upya. Kwa hiyo niliunganisha redio kaseti na kompyuta mpakato nikarekodi sauti. Karibu na kichwa cha kusomea pana skrubu ndogo. Ukiizungusha kidogo kidogo, mlio unatoka kwenye ubutu unakuwa mkali. Nilirekodi mara nne, nikachagua sehemu safi za kila moja, nikaziunga. Jioni ya tatu, ndani ya emuleta inayoitwa Fuse, mistari myekundu na ya samawati ikacheza pembeni, kisha ya njano na buluu, na maandishi yakatokea.

Yalikuwa maswali ya ngeli. Mashine inataja KITI, mtoto anaandika VITI. Akipata, HONGERA. Akikosa, JARIBU TENA MWANANGU. Maswali thelathini. Skrini ile ina nafasi 32 tu za herufi kwa kila mstari, na neno likifika ukingoni linakatwa popote lilipo. Lakini katika kazi ya mjomba hakuna neno hata moja lililokatika. Kwenye karatasi ya kasha la kanda mna vijumba vya penseli, amehesabu herufi moja moja. Walimu wetu wa ushairi wanaijua adha hiyo.

Dada, yule binti mwenyewe, alikuja kuona. Sasa ana watoto wake. Kiswahili anakielewa, ila ulimi umezoea Kiingereza. Nilimwonyesha kwenye kompyuta mpakato, akatazama kwa adabu tu. Nikaiwasha Spectrum. Wenzangu wengi huchomeka nyuma yake kifaa cha divMMC, kinachosoma faili kutoka kadi kwa sekunde chache, lakini siku ile nilichomeka simu kwenye tundu la EAR ili aisikie ile sauti yangu niliyoisafisha. Kabla sijamwambia la kufanya, vidole vyake vilibonyeza J, kisha alama za nukuu mbili, bila kutazama. Kwenye Spectrum, J peke yake huandika amri nzima ya kupakia. Kompyuta mpakato haina kitufe cha namna hiyo, na hapo wale wa pilau nawapa haki yao.

Alipofika UFUNGUO akaandika MAFUNGUO. JARIBU TENA MWANANGU. Akanyamaza kwa muda, macho kwenye skrini, kisha akaandika FUNGUO.

Faili nimewapa wote. Dada anaitaka mashine, na sijamjibu. Mkaza mjomba alitaka kanda tu, akaiweka kwenye redio papo hapo. Ule mlio ulipokwisha, taarab ikaendelea kutoka katikati ya ubeti.

"Kumbe ni yeye!" akasema. "Miaka yote hii namlaumu wifi yangu kwa kuufuta wimbo huu."