Jina likifutwa, bado tunamjua

Hapa Nyarugusu mtu akifariki, habari inatembea haraka kuliko jeneza. Saizi ya familia inapunguzwa kwenye mgao, majirani wanachanga unga. Kinachobaki bila kuzungumzwa ni faili lake la hospitali. Ndani yake kuna majibu ya damu, mimba zilizotoka, dawa alizokunywa. Na kuna mama zetu waliomwambia nesi mambo yaliyowapata vitani Kongo, ambayo hata waume zao hawakuwahi kuyasikia. Wamekufa wakijua siri hiyo iko mahali salama.

Mimi nafanya kazi na vijana, na huwa naitwa kutafsiri Kibembe vikaoni. Kwenye kikao kimoja watafiti walieleza kwamba wanataka kusoma mafaili ya wanawake waliofariki kwa uzazi, ijulikane walichelewa wapi: nyumbani, njiani, au walipokwisha kufika hospitali. Nasema wazi, kazi hiyo tunaihitaji. Sisi ndio tunaozika.

Mtafiti mmoja, kijana mpole, akatutuliza: "Majina hatutaandika." Akachora mfano ubaoni: umri, kabila, kijiji, idadi ya watoto, mwezi wa kifo. Mama mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwanangu, mama wa mapacha, Mbembe, kijiji chetu, amefia uzazini mwezi wa Pasaka. Sasa hapo umeficha nini?"

Watu wakacheka, halafu kimya. Wote tulishajua anamsema nani.

Dar es Salaam ukifuta jina, mtu anapotea kwenye umati. Kambini tunachota maji bomba moja na kupanga foleni moja ya mgao. Ukitaja kijiji na ugonjwa, umeshataja mtu.

Wengine wanasema marehemu haoni tena aibu. Sheria nyingi ziko karibu na mawazo hayo. Ile ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu 2018, haimhusu marehemu. Marekani wanalinda taarifa za afya za marehemu miaka 50, ila mtafiti anaweza kuzipata bila idhini ya familia akitimiza masharti. Madaktari wenyewe, kwenye Azimio lao la Geneva, wanaahidi kutunza siri ya mgonjwa hata baada ya kufa kwake. Mimi nasimama na madaktari hapo, maana faili la marehemu lina watu hai ndani. Likisema mama alikuwa na virusi, swali la pili litakuwa la mtoto wake: shuleni, kwenye uchumba, kila mahali.

Familia ya Henrietta Lacks inalijua hilo. Alikuwa mama Mweusi wa Marekani, akafa kwa saratani mwaka 1951, na seli zake zikaendelea kukuzwa maabara bila familia kuulizwa. Mwaka 2013 watafiti huko Ujerumani walitangaza ramani ya vinasaba vya seli hizo. Vinasaba hivyo vinagusa pia watoto na wajukuu, wakalalamika. Mwaka huohuo yalifanyika makubaliano, na watu wa familia wakaingia kwenye kamati inayopitia maombi ya kuitumia ramani hiyo. Sayansi haikusimama kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mashirika, msiandike kijiji, andikeni kambi. Kama vifo ni viwili au vitatu, viunganisheni na vya miaka mingine. Mambo ya vita yaliyomo kwenye faili yaacheni kama hayahusu uzazi. Familia iulizwe, hata kama karatasi za ofisini hazilazimishi, na aulizwe mtu anayestahili: kwetu mara nyingi ni shangazi au mama mdogo, si lazima yule mwanamume aliyeandikwa mkuu wa kaya. Majibu nayo yarudi hapa, kwa lugha tunayoielewa. Tumeshahojiwa sana na watu ambao hatukuwaona tena.

Baada ya kikao binti mmoja wa kundi langu alinifuata nje. "Kaka, hao wageni watasoma mama yangu aliuawa na nini?"

Nikamwambia inawezekana.

"Mimi mwenyewe bado sijaambiwa."

Jioni ile tulienda wote wawili kwa shangazi yake.