Vitanda nane, pasi nane

Tangu nirudi kutoka Berlin, Oktoba 2024, kuna swali moja naulizwa kila nikikutana na watu: wewe mwandishi wa habari, mshahara wenyewe tunaujua, kule ulilala wapi? Jibu ni fupi. Nililala hosteli.

Hapa Dar ukisema hosteli mtu anafikiria Mabibo na wanafunzi wa Mlimani. Kule ni nyumba ya wageni ya bei poa, ila unalipia kitanda, si chumba. Chetu kilikuwa na dabodeka nne, watu wanane, na kila mtu kabati lake analofunga kwa kufuli lake mwenyewe. Aliyesoma bweni hashangai kitu.

Wazo hili ni la Wajerumani wenyewe. Mwaka 1909 mwalimu Richard Schirrmann alikuwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake, mvua kubwa ikawakamata, wakajihifadhi usiku katika jengo la shule. Akawaza: kwa nini vijana wasiwe na pa kulala kwa bei nafuu kila waendako? Mwaka 1912 hosteli ya kwanza ikafunguliwa ndani ya ngome ya Altena.

Watu wa hosteli wanafahamiana jikoni. Siku ya pili nilipata dukani unga wa mahindi wa Kiitaliano, nikasonga ugali. Dada mmoja wa Brazil akaonja, akasema huu kwao upo, wanauita angu. Basi tukakaa mezani: yeye, jamaa wa Korea Kusini, kijana wa Kihindi anayesoma Poland, na mimi. Stori zikaja kwenye namna kila mtu alivyofika.

Mkorea alikata tiketi, akapanda ndege. Mbrazili vivyo hivyo. Pasi zao zinatosha. Zamu yangu ilipofika nikawahesabia: taarifa za benki, barua ya mwajiri, alama za vidole, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, na ada ya euro 90 ambayo ukikataliwa hairudi. Yule Mhindi alikuwa anatikisa kichwa tu. Yeye hakuhitaji kuelezwa.

Nikawaambia na lililobaki. Tulikuwa tusafiri wawili. Rafiki yangu, mwandishi mwenzangu, tuliomba viza wiki moja, karatasi zetu zinafanana karibu zote, yeye akanyimwa. Kitanda cha juu yangu, alichokuwa alalie yeye, ndicho alichopewa Mkorea. Meza ikanyamaza. Mkorea akaomba radhi, utadhani yeye ndiye aliyemfukuza mwenzangu.

Kesho yake tukaenda wote makumbusho kumwona yule mjusi wetu wa Tendaguru. Wadau, picha hazimtendei haki. Amesimama mita 13 kwenda juu. Mifupa ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, msimamizi mmojawapo akiwa Boheti bin Amrani, na wapagazi wetu wakaibeba kwa miguu, siku kadhaa, hadi bandarini Lindi. Mwaka uleule mwalimu Schirrmann aliponyeshewa! Mbrazili akamwangalia mjusi, akaniangalia mimi, akauliza, "Huyu naye walimwomba taarifa za benki?" Tulicheka mpaka mlinzi akatugeukia.

Mchana tukapanda treni ya U6, tukashuka Afrikanische Straße. Maeneo yale kuna mtaa wa Zanzibar na mtaa wa Usambara. Kuna na barabara iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule Mkono wa Damu tuliyemsoma shuleni. Tangu Agosti 2024 kipande chake kinaitwa Maji-Maji-Allee. Nikawasimulia vita ya 1905 hadi 1907, nimesimama chini ya kibao. Mkorea akasikiliza, kisha akasema kwao walitawaliwa na Wajapani kuanzia 1910 hadi 1945, na babu yake alilazimishwa kutumia jina la Kijapani. Hapo ndipo alipoacha kuwa "Mkorea wa kitanda cha juu", akawa mtu ninayemfahamu.

Ndiyo maana naipenda hosteli, wadau. Hotelini ningelala vizuri zaidi, lakini nisingeisikia habari ya yule babu. Mwalimu Schirrmann alitatua tatizo la kitanda. La mlangoni halikuwa lake, na bado lipo: wenye pasi fulani wanakutana dunia nzima, sisi tunawakuta kwa bahati.

Sasa mimi na rafiki yangu tumeanza kuchanga. Tunakwenda Kigali, kwa basi. Hakuna viza, hakuna taarifa za benki. Safari hii kitanda cha juu ni chake.