Tupa, Jiliwa na Barua ya Fildi

Cheti cha FTC (Full Technician Certificate), ambacho kijana wa leo akikisikia hudhani ni kozi ya kompyuta, kwa miongo kadhaa ndicho kilichomtoa fundi sanifu wa Tanzania. Kilisomewa miaka 3 baada ya kidato cha nne. Chuo kikongwe cha kazi hiyo, kilichopo Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi Mohamed jijini Dar es Salaam, kilianza 1957; sheria ya 1997 ikakifanya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT). Arusha walipata chao 1978. Tarehe zimo majaladani. Fundi mwenyewe alipikwa karakanani na katika chumba cha uchoraji.

Karakanani mgeni alipewa kipande cha chuma, akakibana kwenye jiliwa, akaambiwa akipige tupa mpaka kiwe bapa. Mkono ukiyumba, chuma huota kinundu katikati. Mkufunzi aliweka rula juu yake, akakiinua kwenye mwanga. Ukipenya pembeni, kazi inaanza upya, hakuna cha kujitetea.

Chumba cha uchoraji kilikuwa na adabu yake. Mchoro ulianza kwa penseli ngumu, ukafuatiwa kwa wino juu ya karatasi angavu. Mstari uliokosewa ulikwanguliwa kwa wembe, na mwenye pupa alitoboa karatasi. Nakala zilitolewa kwa mashine ya amonia: harufu ya kutoa machozi, ikishika shati hata aliyepanda basi la UDA jioni akashuka nayo nyumbani.

Yote hayo yalikuwa na mahali pa kwenda: TANESCO, reli, viwanda vya nguo. Mwanafunzi alipelekwa kiwandani chini ya fundi mzee, na daftari lake la kila siku likasainiwa na aliyemwona akishika spana. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, kilichofunguliwa 1973, nacho kilipeleka wanafunzi wake viwandani.

Kisha viwanda vikapungua, kompyuta ikafukuza wino, FTC ikaipisha stashahada. Sasa mwanafunzi huzunguka mjini na barua ya kuomba fildi, na akipokelewa huenda akamaliza wiki zake akitoa fotokopi. Daftari husainiwa lote siku ya mwisho, kwa kalamu moja. Kwa wenye shahada, Bodi ya Usajili wa Wahandisi tangu 2003 ina mpango wa kuwaweka kazini chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka 3 kabla ya usajili.