Aliyebaki Zamu Naye Aliliona Jua

Katika nyumba ya askari, ruhusa ni kitu kinachosemwa kwa sauti ya chini. Watoto hujifunza mapema kwamba ahadi ya baba au mama aliyevaa sare ina sharti ndani yake, hata kama sharti hilo halikutamkwa: "tutakwenda, kazi ikiruhusu." Mke huikunja nguo ya safari na kuikunjua tena. Mgeni huitafsiri hali hiyo kuwa ni uzito wa maisha. Wenyewe huiita zamu. Hadithi hii ni ya zamu moja iliyoangukia siku ambayo jua lilipatwa, na ya marafiki waliolazimika kuchagua kwenda au kubaki.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, tarehe 3 Novemba 2013. Kivuli cha mwezi kilianzia katika Bahari ya Atlantiki, kikaingia Afrika kwa upande wa Gabon, kikapita Kongo zote mbili, kikaikata kaskazini ya Uganda na kaskazini ya Kenya, kikaishia Ethiopia na Somalia jua likizama. Njia ya giza kamili ilikuwa ukanda mwembamba. Nchini Uganda, watu wengi waliielekeza safari yao Pakwach, kwenye Mto Nile. Busia na Tororo ziliachwa nje ya ukanda huo. Huko jua lingefunikwa sehemu kubwa sana, lakini lisingefunikwa lote.

Tofauti hiyo si ndogo kama inavyosikika. Jua ni kubwa kuliko mwezi kwa upana mara 400 hivi, na liko mbali nasi kuliko mwezi mara 400 hivi. Ndiyo maana machoni petu vyote viwili hulingana. Mwezi ukikaa sawasawa mbele ya jua, huweza kuliziba kabisa. Lakini ukibaki hata uzi mmoja tu wa jua, mchana hubaki kuwa mchana, na taji ya nuru inayolizunguka jua haionekani. Aliyeona karibu yote na aliyeona yote hawakuona kitu kimoja.

Marafiki wanne wa mpakani walilijua jambo hilo kwa sababu mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu hana siri. Wa pili alikuwa dereva, mwenye basi dogo kuukuu lililokwisha kustaafu kazi ya abiria. Wa tatu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma mjini Tororo. Wa nne alikuwa koplo wa polisi, kituo chake Busia, na ndiye aliyelizua wazo lenyewe. Kwa miezi mitano walichanga fedha kidogo kidogo. Viti vya nyuma vya basi viling'olewa, yakatandikwa magodoro mawili, yakafungwa madebe ya maji, jiko la makaa, sufuria na gunia la mkaa. Watoto wa mtaani waliliita "nyumba inayotembea", na dereva akafurahi kana kwamba amepewa cheo.

Fundi ndiye aliyepewa jukumu la macho. Wengi walidhani kioo chochote cha kuchomelea kinatosha. Yeye akavigeuza vioo vyake vyote na kukuta hakuna hata kimoja kilichofikia namba 14, ambayo ndiyo giza linalofaa kulitazamia jua. Alizunguka maduka ya vyuma ya Tororo siku mbili mpaka akavipata. Alisema maneno ambayo kila mzazi angefaa kuyaweka moyoni: jicho likiungua kwa jua halipigi kelele. Sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea nuru haina maumivu. Mtu huungua akitabasamu, na hujua saa kadhaa baadaye, aonapo doa jeusi katikati ya kila anachokitazama.

Ijumaa jioni, amri ikatoka. Askari walihitajika mpakani mwisho wa juma lile, na ruhusa zote zilifutwa. Koplo aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka mfukoni. Alipowapa rafiki zake habari, dereva alizima taa ya basi, akasema safari imekufa. Haiwezekani watu wanne wapike chungu kimoja miezi mitano, kisha watatu wale. Mwalimu akaunga mkono. Fundi hakusema kitu.

Koplo ndiye aliyekataa. Aliwaambia kwamba yeye akiacha zamu atakuwa mtoro, na wao wakiacha safari watakuwa wamemwongezea mzigo, maana atasimama kizuizini akijua kwamba amewazuia na wao pia. Kisha akasema kiti chake kisiende kitupu. Akamtaja binti yake, mtoto wa miaka kumi na mmoja, aliyekuwa akijua kuchora mwezi na jua kwa makaa ukutani tangu mwalimu alipoanza mazungumzo yale.

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wenyewe. Mama mtu hakukubali. Mtaani kulikuwa na maneno mengi: kwamba watoto wafungiwe ndani, kwamba mjamzito akitoka nje mtoto atazaliwa na alama, kwamba giza hilo huleta ugonjwa. Bibi yake mtoto alikuwa ameapa kuziba madirisha kwa mablanketi. Mama alimwambia mumewe, "Baba Fulani, wewe umezoea hatari. Usimzoeshe mtoto." Koplo hakumjibu kwa ukali. Alimwomba fundi alete kioo, naye mama akakishika, akalitazama jua la asubuhi, akaona duara dogo la kijani lililotulia kama sarafu. Akakaa nalo kitambo. Ndipo akatoa masharti yake: mke wa dereva aende pia, mtoto alale ubavuni mwake, na kioo kisitoke shingoni mwa mtoto. Masharti yalikubaliwa.

Wakati wa kuagana, koplo alivua saa yake ya mkononi akamfunga binti, ikamzunguka mkono mara mbili. Akamwambia, "Nenda ukaangalie kwa macho mawili, mwanangu. Ukirudi, moja ni langu."

Waliondoka asubuhi ya Jumamosi. Walikiacha nyuma kilima cha mwamba cha Tororo, ambacho wasafiri wa pande zote mbili za mpaka hukitumia kama alama ya nyumbani. Wakapita Mbale, Mlima Elgon ukiwa kuliani, wakakata mabwawa na mafunjo ya Teso hadi Soroti. Gurudumu moja lilipasuka, jiko likamwaga majivu juu ya magodoro, na karibu na Lira wakalala garini, wanaume wakiwa nje chini ya turubai. Jumapili waliiacha barabara ya Gulu karibu na Karuma, wakaelekea magharibi kandokando ya mbuga ya Murchison Falls, wakavuka daraja la Nile na kuingia Pakwach. Walikuwa wamekwenda zaidi ya kilomita 400 kwa ajili ya giza la sekunde 20 hivi.

Mji ulikuwa umejaa wageni kutoka nchi nyingi, na wenyeji waliouza maji, ndizi na samaki. Mawingu yalikuwepo, na kila wingu lilipopita watu walinyamaza. Si wote waliobahatika siku ile: huko Kenya, kando ya Ziwa Turkana, waliosafiri mbali zaidi walisumbuliwa na upepo wa mchanga na manyunyu. Aendaye mbali hakupewa hati ya kuona.

Baada ya saa 10 alasiri mwezi ulianza kulimega jua. Kwa zaidi ya saa moja jua lilipungua kidogo kidogo. Rangi ya nyasi ikawa kama ya risasi. Joto likashuka, upepo ukageuka, ndege wakarudi mitini. Kisha, saa 11 na dakika 20 hivi, uzi wa mwisho ukakatika. Badala ya jua kukawa na tundu jeusi, na kuzunguka tundu hilo taji nyeupe isiyofanana na moto wala na mwezi. Juu yake nyota ya Zuhura ikajitokeza wazi. Hapo tu, katika sekunde zile, ndipo jicho tupu linaporuhusiwa kutazama. Umati ulipiga kelele kwa lugha ishirini. Mke wa dereva alilia bila kujua anachokililia. Mtoto, aliyeagizwa kuhesabu sekunde kwa saa ya baba yake, alisahau kuitazama. Nukta moja ya nuru ikachomoza ubavuni mwa mwezi, na mchana ukarudi.

Zamani za wafalme, mambo haya haya yaliwakuta wanajeshi wasiokuwa na mwalimu wa kuwaeleza. Masimulizi ya Nkore yanasema kwamba mfalme Olimi wa Bunyoro alikuwa Biharwe pamoja na jeshi lake, akirudi vitani na ng'ombe aliowateka, mara jua likazima mchana. Hakuna aliyemshambulia kwa mkuki. Hata hivyo aliondoka kwa hofu na kuwaacha ng'ombe nyuma. Wanahistoria wengi hulinganisha habari hiyo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520, na leo upo mnara wa ukumbusho hapo Biharwe, kando ya barabara ya Masaka kwenda Mbarara. Jeshi zima lilivunjwa na kivuli. Hofu haikutokana na giza. Ilitokana na kutojua giza litakwisha lini.

Ndiyo sababu yaliyotokea Busia saa hizo hizo yanastahili kuandikwa pia. Malori yalikuwa yamepanga foleni. Nuru ilipoanza kuzeeka, madereva na matingo waliteremka, wakainua nyuso. Mmoja alikuwa na miwani ya jua, mwingine kipande cha picha ya eksirei, wa tatu alikuwa akilitazama jua ndani ya beseni la maji. Koplo alijua kwamba vyote vitatu ni mitego. Alipita lori kwa lori akiwataka waligeuzie jua mgongo. Wengine walimcheka. Ndipo mtoto mmoja wa muuza mahindi akaelekeza kidole ukutani.

Jua lilikuwa limeinama magharibi, na miale yake ilipenya majani ya mwembe na kugonga ukuta uliopakwa chokaa. Ukuta mzima ulikuwa umejaa jua ndogo ndogo, mamia kwa mamia, kila moja limepinda kama mwezi mchanga. Kila tundu baina ya majani lilikuwa limefanya kazi ya kamera. Koplo alivua kofia yake, akaishika mbele ya karatasi nyeupe, na matundu mawili ya kupitishia hewa yakachora jua mbili zilizopinda. Madereva waliacha beseni lao. Kwa nusu saa foleni ya mpakani ililitazama jua kwa kulipa kisogo, na hakuna jicho lililoumia.

Basi liliporudi Jumatatu usiku, binti alimkuta baba yake ametoka zamu, hajavua viatu. Alimweleza yote, akaungama kwamba hakuhesabu sekunde. Baba akamwambia ya ukutani. Mtoto alinyamaza, kisha akauliza kwa wivu wa kweli: "Mamia? Sisi tuliona moja tu." Mama yao alicheka mpaka bibi akatoka chumbani, ambako mablanketi yalikuwa bado yamening'inia madirishani, kuuliza kuna nini. Naye ikabidi asimuliwe upya.

Isisemwe kwamba koplo hakupoteza kitu. Alipoteza, naye mwenyewe alikiri kwa rafiki zake kwamba taji ile angependa kuiona kwa macho yake. Huduma ina gharama, na si adabu kumwambia anayeilipa kwamba ni bure. Lakini rafiki zake walikwenda kama wajumbe wake, wakarudi na hesabu kamili. Na yeye hakukaa akiinung'unikia amri, akakosa kuona kilichokuwa mbele yake. Wapo watu wengi waliobaki nyumbani siku ile bila zamu wala amri, wakafunga madirisha, wakakosa yote mawili.

Jua litapatwa tena kabisa tarehe 2 Agosti 2027. Kivuli kitapita Afrika ya Kaskazini, kitaivuka Misri karibu na Luxor, ambako giza litazidi dakika 6, kisha Bara Arabu na pembe ya Somalia. Atakayeweza kusafiri asafiri. Atakayebaki katika nchi ambazo jua litamegwa kidogo tu naye asikose: achukue karatasi mbili ngumu, moja aitoboe kwa sindano, alipe jua kisogo, aiache nuru ipite katika tundu na kuangukia karatasi ya pili. Watoto wasimame mbele yake, watazame karatasi, wasilitazame jua. Na kama ndani ya nyumba yupo mmoja aliye zamu saa hiyo, karatasi mbili ni nyepesi. Hukunjika na kuingia mfukoni mwa sare.