Siku ya Kuiaga Theluji

Mwezi wa Mei, wakati pwani yetu inapolowa kwa masika, sisi tulikuwa Kanada, katika mji wa Calgary, nyumbani kwa dada yetu. Alikuwa ametoka eda miezi michache nyuma, nasi tulitumwa na ukoo tukamwambie arudi Mombasa yeye na watoto. Maneno tuliyapanga vyema ndani ya ndege. Yeye hakutupa nafasi. Jumatatu ya sikukuu ya Victoria alitutia garini mapema. “Kaka, leo mlima unafungwa,” akasema. “Watoto hawawezi kuikosa siku hii.”

Banff ni mji mdogo uliozungukwa na milima, kiasi cha kilomita 130 magharibi ya Calgary, ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1885, ya kwanza katika nchi ile. Mjini majani yalikwisha kuchipua na watu walikuwa wakila aiskrimu barabarani. Theluji iko juu, Sunshine Village, ambako mgeni hupandishwa kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya. Mama watoto alifumba macho njia nzima. Tuliposhuka tulikuwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Jua kali, ardhi nyeupe tupu, na mwangaza ukiturudia usoni kutoka chini hata tukaazima miwani myeusi.

Msimu wa huko huanza Novemba. Ifikapo Mei theluji hubadilika tabia: usiku huganda ikawa ngumu kama sakafu, na adhuhuri hulainika kama sukari iliyomwagikiwa na maji. Vijana hawavai tena makoti mazito. Siku ya kufunga, huchimbwa kidimbwi kirefu chini ya mteremko, kikajazwa maji ya baridi kali. Mshindani huteremka kwa kasi juu ya skii, zile mbao mbili nyembamba za miguuni, ajaribu kuvuka juu ya maji bila kuzama. Siri ni mwendo: ukiegemea nyuma kidogo na usipunguze kasi, maji hukubeba, ukisita, yanakumeza. Mchezo huu huitwa Slush Cup, na wenyewe husema ni desturi ya tangu mwaka 1928. Washindani huvaa mavazi ya kuchekesha. Tuliona kuku, tuliona bwana harusi.

Kisha tukamwona mpwa wetu juu ya mteremko, amevaa kanzu na kofia ya vito ya marehemu babake.

Tusiwafiche, tulikasirika. Kanzu ile tuliijua; tulikuwa pamoja na marehemu alipoishonesha Mombasa. Tukainuka kumwita kijana ashuke. Mpwa wetu wa kike, hijabu yake chini ya kofia ngumu, akatushika mkono. “Mjomba, mwache. Baba ndiye aliyemfundisha, na kila mwaka alikuwa akisema yeye atavuka hivyo hivyo, na kanzu yake. Hakuwahi.”

Tukakaa.

Kijana akateremka, kanzu ikipepea nyuma yake kama tanga. Akaingia majini amesimama, akafika nusu, akapita nusu, halafu mbao zikashika na akatoweka. Kofia ikabaki ikielea peke yake. Umati ukapiga kelele. Dada yetu alicheka mpaka akakaa chini kwenye theluji, akicheka na kulia, na mama watoto naye akakaa pembeni yake na buibui lake.

Jioni huko ni ndefu. Maghribi huingia yapata saa tatu na nusu usiku. Tulirudi Calgary jua lingali juu, kanzu iliyolowa ikiwa ndani ya mfuko miguuni petu. Njiani dada yetu akatuuliza, “Kaka, siku ile ulipofika ulisema una neno. Ni lipi?”

Tukamwambia kanzu isikamuliwe kwa nguvu, darizi za shingoni zitaharibika.

“Najua,” akasema. “Naifua kila mwezi.”